Ngozi Kooni mwa Fundi Issa

Siku niliyorudisha funguo za maabara mliniimbia, mkanipa kitenge kizuri na keki iliyoandikwa jina langu vibaya, kisha mmoja wenu akasema, "Mama Mwajuma, tuandikie mambo ya zamani kabla hujasahau." Sijasahau kitu. Nimekaa nyumbani, mtaani Buyenzi, wiki tatu nikijaribu kupumzika, na nimeona kwamba kupumzika ni kazi ambayo sikuisomea. Basi naandika. Vyeo sitavisimulia, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitawasimulia watu wawili, mwalimu wangu na fundi mmoja wa magari, na kosa moja nililolifanya nikiwa tayari na mvi, wakati nilipodhani makosa yangu nimeshayamaliza.

Nilianza kazi nikiwa binti wa miaka ishirini na mbili, nimetoka shuleni nikiyajua majina ya vyombo vyote bila kujua kutumia hata kimoja. Walinipeleka chumba cha mwisho, kile chenye harufu ya formoli, dawa ya kuhifadhia nyama, inayochoma macho. Humo alikuwamo Mzee Sylvestre, mtu mrefu, mkavu, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Hakunisalimia. Alinipa chupa ndogo na kuniuliza ndani mna nini.

"Kipande cha nyama," nikasema, nikijiona nimejibu vizuri.

"Apana. Humo kuna mutu. Soma jina yake."

Nikasoma moyoni.

"Kwa sauti, sha. Naye asikie."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Kila chupa ikifunguliwa, jina linatamkwa. Kila kipande kikiingia kwenye nta, jina linatamkwa. Kila kioo kikiandikwa, jina tena. Wageni waliopita koridoni walidhani tuna ibada humo ndani, na mhasibu mmoja aliwahi kusimama mlangoni amevua kofia. Mmenicheka sana kwa tabia hiyo, nami sikukasirika, kwa sababu nimewasikia na ninyi mkiifanya mkidhani niko mbali.

Kwa mtu wa nje atakayeokota karatasi hii, nieleze kazi yetu kidogo. Daktari anatoa kipande kidogo mwilini, pengine hakizidi mbegu ya nyanya. Sisi tunakikausha maji kwa spiriti, tunakizamisha kwenye nta iliyoyeyuka, na nta ikishaganda tunaikata kwa mashine, pande jembamba kiasi kwamba ukipiga chafya limekwenda. Pande hilo tunaliweka lielee kwenye beseni la maji ya vuguvugu mpaka linyooke, tunaliokota kwa kioo, tunalipaka rangi mbili, na daktari analisoma kwa hadubini. Umeme ukikatika, nta inaganda kabla ya wakati wake. Mzee Sylvestre alikuwa na blanketi la rangi ya kahawia la kuufunika mtungi wa nta, na alilikunja kila jioni kwa heshima ambayo watu wengine huipa bendera.

Siku zile hatukuwa na nyembe za kutumia na kutupa. Tulikuwa na kisu kimoja kirefu cha chuma, kizito, na Mzee alikinoa kila asubuhi kwenye jiwe lenye mafuta, akihesabu kwa Kirundi. Akimaliza alikijaribu kwa unywele mmoja wa kichwani mwake. Unywele ukikatika bila kuvutwa, kazi inaanza. Baada ya miaka kadhaa nywele zake zilipungua akaniomba zangu. Mimi navaa mtandio, kwa hiyo nilikuwa namletea nywele za kwenye kitana, zimefungwa kwenye karatasi. Mume wangu aliwahi kuzikuta kwenye mkoba, na ilinichukua muda kumweleza.

Nilimpenda mzee yule, naandika bila haya. Ilikuwapo miaka mibaya ya vita, mnaijua, mtaa na mtaa haiendeani, barabara zimefungwa. Yeye alikuwa mtu wa mlimani Gihosha, Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, na mimi binti wa Kiislamu wa Buyenzi. Siku nisipofika aliweka kibandiko cha jina langu juu ya kiti changu, ili kisije kikakaliwa na mtu mwingine. Nikirudi alikibandua na kuniambia kazi imerundikana.

Sasa nifike kwenye sheria yake. Katika mwaka wangu wa tatu niliharibu kipande cha mama mmoja wa Kibenga. Nilikata, nikakata, nikitafuta pande zuri zaidi, mpaka nta ikabaki tupu na nyama yote imekwisha. Hakikubaki kitu cha kusomwa. Nilidhani Mzee atanifokea, au atapeleka barua kwa katibu, na katibu amwite mgonjwa. Alivua koti lake, akalitundika.

"Twende."

"Wapi?"

"Kibenga. Ukikosea, we mwenyewe ndiyo unaenda. Si sekretere, si telefoni. Na unaenda siku ile ile."

Tukaenda. Yule mama alitusomea risala ndefu tukiwa tumesimama kizingitini, nami machozi yananitoka, Mzee ameshika kofia yake kifuani. Alipochoka kutugombeza alitukaribisha ndani na kutupa Fanta. Akarudi hospitali, akatolewa kipande kingine, na nilikikata mimi mwenyewe. Katika miaka yangu yote nimefanya safari ya namna hiyo mara nne. Mara tatu za kwanza nilikuwa nimekosea kweli.

Mzee Sylvestre alistaafu, akaenda kufuga kuku Gihosha. Kisu kirefu kikaingia kabatini, nyembe za kisasa zikaja, na akaja Daktari Deo kuwa msomaji wetu wa hadubini, mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mnamjua, na anajua kwamba nawaandikia haya. Yeye huzungumza taratibu mpaka unataka kummalizia sentensi. Hilo nalo limo katika hadithi.

Miaka michache kabla sijastaafu ililetwa chupa ya Fundi Issa, makanika wa mtaa wa Cibitoke. Karatasi yake ilisema kwamba kwa miezi minne anahisi kitu kimekwama kooni. Daktari wa tumbo alikuwa amemmezesha ile tuyo, mpira mrefu wenye taa, na katikati ya umio aliona chembe ndogo za njano zilizotawanyika, asizozielewa. Alichuna vipande vitatu na kuandika alama ya kuuliza mwishoni mwa sentensi. Asubuhi hiyohiyo ililetwa chupa nyingine, ya mwalimu mmoja wa shule aliyekatwa uvimbe mdogo wa ngozi shavuni. Umeme ulikatika mara mbili. Nilikata kipande cha mwalimu kwanza, kisha vya fundi.

Kesho yake Daktari Deo aliniita. "Mama Mwajuma, njoo uangalie kioo hiki cha fundi."

Nilitazama. Katika umio tunatarajia kuona utando laini uliopangika, na chini yake nyama ya kawaida. Mimi niliona mafungu ya chembe kubwa, nyeupe, zenye povu ndani. Nimeziona maelfu ya mara. Ni tezi za mafuta ya ngozi, zile zinazolainisha uso na nywele. Kooni hazina kazi wala kwao.

"Hii ni ngozi," nikasema kabla hajasema yeye. Uso ulikuwa unanichoma.

"Inafanana," akasema taratibu. "Yawezekana kipande cha yule mwalimu kilibaki kwenye wembe, au kilielea majini kikaokotwa. Yawezekana. Lakini kuna kitu... Mi naenda Gitega leo, narudi wiki ijayo. Usiandike kitu, Mama. Ntaangalia tena polepole."

Polepole. Mimi nilikuwa na daftari langu la miaka yote, kila siku nimeandika saa niliyobadilisha maji na saa niliyofuta mashine. Nililifungua. Mahali pa saa ya siku ile palikuwa patupu. Nilijaribu kukumbuka kama nilibadilisha maji baada ya umeme kurudi, na sikukumbuka. Kutokukumbuka kulinitosha. Sikukirudia kile kioo hata mara moja. Nilivua koti, nikalitundika kama nilivyofundishwa, nikatoka kwenda Cibitoke. Nilikuwa na haraka ya kuwa mwaminifu.

Siku zile esansi, yaani petroli, ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo kufika Cibitoke kulikula nusu ya siku. Garaji ya Fundi Issa ilikuwa uani kwake, na pikapu moja imepandishwa juu ya mawe bila magurudumu. Juu ya mkeka alikuwa amepanga vyombo vyake vyote, spana kwa ukubwa wake, nyundo, koleo, na mtu mmoja alikuwa anaondoka na jeki begani, ameinamisha uso. Fundi mwenyewe alikaa kwenye tairi. Ovaroli ilikuwa imemzidi kila upande.

"Asalam aleykum."

"Waaleykum salam. Karibu, Mama. Kama ni gari, garaji imefungwa."

"Sina gari, Baba. Natoka maabara."

Akanyanyuka, akanipa tairi nikae. Mke wake, Mama Saidi, alitoka jikoni na bakuli la uji mkononi, akabaki nalo.

"Sema tu," akasema Fundi. "Ni ile ya Yusufu."

Sikumjua Yusufu. Mama Saidi ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini, kana kwamba mume wake hayupo. Yusufu alikuwa kaka yake Fundi. Koo lilianza kumsumbua, akaenda kwa waganga mbalimbali, kila mmoja akamwambia si kitu, ni vidonda tu, ni tumbo tu, mpaka siku maji yalipokataa kupita. Walimzika na hakuna aliyewahi kumwambia alikuwa anaumwa nini. Tangu Fundi aanze kuhisi kitu kooni aliacha ugali, kisha wali, kisha ndizi. Sasa anakunywa uji. Na vyombo anavigawa mwenyewe, ili kila kimoja kipate mtu anayejua kukitumia.

"Baba Saidi," nikasema, "majibu yako sina. Huenda nimevichanganya vipande vyako na vya mtu mwingine. Nimekuja kukuomba msamaha, na kukuomba urudi wachukue vingine."

Aliinama akainyoosha spana moja mkekani.

"We mwenyewe ulichanganya?"

"Mimi mwenyewe."

"Na umekuja we mwenyewe kusema?"

"Ndiyo."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Mi najua mafundi hapa, akisahau boloti ndani ya moteri, anafunga tu, anarudisha gari, anaomba Mungu." Kisha kicheko kikaisha. "Lakini ile tuyo, Mama, mi naiogopa. Miaka yote mi navuta esansi kwa mudomo, na tuyo ya plastiki, sijaogopa. Ile yenu apana. Ile inajiingiza yenyewe, na inaangalia."

Nikamwambia kwamba kama atakubali, nitakuwepo nimemshika mkono. Maneno yale yalinitoka tu, si kazi yetu kuwepo kule. Akatikisa kichwa kwamba amekubali.

Nilipokuwa nainuka niliona kwenye mkeka jiwe la kunolea, jeusi, limeliwa katikati kwa miaka ya kazi, linalong'aa mafuta. Nikamsimulia kisu cha Mzee Sylvestre na habari ya nywele. Alifurahi. Kwa dakika chache tulikuwa mafundi wawili tunaozungumzia makali, yeye akinionyesha kwa kidole namna ya kuinamisha chuma. Kisha akaliokota jiwe, akalifuta kwa kitambaa, akaniwekea mikononi.

"Chukua. Mi sina kazi nayo tena."

Nilitaka kukataa. Lakini kukataa ni kumwambia kwamba atapona, na mimi hilo sikulijua. Nilipokea. Mama Saidi aligeuka akarudi jikoni na uji wake.

Siku ya tatu alikuja hospitali, amevaa kanzu iliyopigwa pasi kama mtu anayekwenda msikitini. Wakampulizia dawa ya ganzi kooni, akalala ubavu. Nilimshika mkono. Mkono wa makanika mnaujua ulivyo, mgumu, na giza la mafuta limeingia kwenye kila mstari, haliondoki kwa sabuni yoyote. Tuyo ilipopita alinibana vidole mpaka nikaona nyota. Machozi yalimtiririka mpaka sikioni, nami nikawa namwambia, "Karibu kwisha, Baba Saidi, karibu kwisha," na haikuwa karibu. Daktari wa tumbo alisema chembe za njano zipo palepale. Alichuna vipande vitatu vingine. Fundi alipokaa alitaka kusema kitu, sauti haikutoka, akaniinulia kidole gumba.

Vipande vile nilivishughulikia peke yangu. Siku hiyo nilikataza chupa nyingine yoyote isifunguliwe kwenye chumba. Wembe mpya, maji mapya, beseni nililisugua mara mbili, jina lake nililitamka mpaka likawa kama uradi. Rangi ilipokauka sikumngoja mtu, niliweka kioo kwenye hadubini ndogo ya pembeni na kutazama. Mafungu ya chembe nyeupe zenye povu yalikuwa pale. Tezi za ngozi, zilezile.

Nitawaambia ukweli. Nilifurahi. Nilifurahi kwa ajili yangu, kwamba sikuchanganya, kwamba jina langu ni safi. Nilikaa kwenye kiti nikitabasamu peke yangu. Kisha niliona vidole vyangu, bado vilikuwa vinauma pale aliponibana, na furaha ikaniisha yote.

Daktari Deo aliporudi aliviweka vioo viwili pamoja, cha kwanza na cha pili. Alikuwa amesoma vitabu huko alikokuwa. Aliniita nikae kwenye kiti chake, jambo ambalo halifanyi kwa kila mtu.

"Ngozi ina nini juu, Mama?"

"Gamba gumu."

"Hapa liko?"

Halikuwepo. Juu palikuwa na utando laini wa umio, wenyewe hasa.

"Na tezi za ngozi kwa kawaida zinakaa na nini?"

"Na mzizi wa unywele."

"Tafuta."

Nilitafuta kona zote. Hapakuwa na unywele hata mmoja. Tezi zilikuwa zimelala chini ya utando wa umio, ndani ya kipande kilekile, na moja ilikuwa imefungua mdomo wake kwenye utando huo. Kitu kilichodandia kutoka kwa mgonjwa mwingine kinakaa pembeni, hakiwezi kuota ndani namna ile. Tena zilikuwa kwenye vipande viwili kati ya vitatu. Akanieleza kwamba ni nadra sana, lakini huonekana, tezi za ngozi zikakaa kooni pasipo kwao. Haziumizi, na si saratani. Kile kinachomkwama Fundi ni asidi ya tumbo inayopanda kidogo, na juu ya asidi, hofu.

"Na yote haya yalikuwepo kwenye kioo cha kwanza?" nikauliza.

"Yalikuwepo."

"Kwa hiyo ungekiangalia tena ulivyosema..."

"Ningeona, nadhani. Pole, Mama."

Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma. Ningependa anifokee.

Sikwenda Cibitoke. Miguu ilinipeleka Gihosha, kwa Mzee Sylvestre. Nilimkuta akiwamwagia kuku mahindi, amevaa koti lake jeupe la zamani, sasa lina madoa ambayo enzi zake angemfukuza mtu kwa ajili yake. Nilimsimulia mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza bila kuacha kumwaga mahindi.

"Kioo ya kwanza, kulikuwa nywele?"

"Hapana, Mzee."

"We uliangalia?"

"Sikuangalia. Niliona tezi, nikajua nimekosea, nikaenda kuomba msamaha. Siku ile ile."

Kuku walikuwa wamemzunguka wanasubiri, naye amesahau mkono kwenye kopo.

"Mi nilikufundisha kuomba pardon," akasema hatimaye. "Kuangalia, nilizani unajua."

Nililia kidogo, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Aliniacha nilie. Nilipomaliza alinitazama kama siku ile ya chupa ya kwanza.

"Sasa uko hapa unafanya nini? Cibitoke ni huko chini."

Haya ndiyo mliyotaka niwaachie, ninyi mnaobaki, na sina jingine. Kuna namna ya kukiri kosa ambayo ni majivuno tu. Nilijiamini kwa usafi wa moyo kuliko nilivyoyaamini macho yangu, na mwenye kulipia alikuwa mtu mwingine, amelala ubavu na tuyo kooni. Angalieni kwanza. Kama mmekosea kweli, nendeni.

Nilifika Cibitoke jua likiwa bado kali. Kwenye mkeka palikuwa pamebaki nyundo moja na mfuko wa misumari. Fundi Issa alikuwa ameketi palepale kwenye tairi, na Mama Saidi kando yake akichambua sombe, majani ya muhogo, ambayo, nilijua, angekula peke yake. Nilichukua kipande cha karatasi nikawachorea umio, nikachora tezi, nikawaeleza ni za nini na kwao ni wapi, kisha nikatoa dawa aliyonipa daktari.

"Ni esansi ndiyo ilizileta?" akauliza. "Ile ya kuvuta na mudomo?"

"Hapana, Baba Saidi. Daktari anafikiri umezaliwa hivyo, au zimekuja zenyewe polepole. Esansi acha kuvuta kwa sababu nyingine. Lakini hizi hazikudhuru. Dawa hii ni ya asidi."

Akaiangalia karatasi, akaigeuza, akairudisha.

"Kuna jingine," nikasema. "Sikuchanganya. Vipande vya kwanza vilikuwa vyako, na jibu lilikuwa humo. Sikuangalia vizuri. Ile tuyo ya pili uliimeza bure, kwa haraka yangu mimi."

Mama Saidi aliacha kuchambua.

"Bure," akasema Fundi.

"Bure, Baba Saidi."

Aliokota msumari mmoja mfukoni, akauviringisha kwenye vidole, akaurudisha. Nilisikia kila pikipiki iliyopita barabarani.

"Yusufu walimuambia si kitu," akasema. "Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipokufa, hakuna hata mumoja alifika kwenye ile mulango kusema, nilikosea. We umefika mara mbili. Mara moja hata kosa haukuwa nalo."

"Na mimi leo nakuambia si kitu," nikasema. "Najua neno hilo limefanya nini katika nyumba hii. Sina neno jingine, ndilo la kweli."

Nilimtazama kuona kama ameniamini. Uso wake haukuniambia lolote. Alimpa mkewe dawa aiweke ndani, akainuka, akanisindikiza kama mtu mwenye adabu anavyomsindikiza mgeni. Tulipita kando ya ile pikapu juu ya mawe. Alisimama, akapitisha kiganja kwenye bodi yake, akachungulia chini, akaguna. Nilikuwa nimekata tamaa. Nilijiambia kwamba nimefanya niliyoweza, mengine ni ya Mungu.

Tulipofika barabarani nilimpa mkono. Aliushika, hakuuachia.

"Mama," akasema, "ile jiwe yangu. Utaileta lini?"

Nilimpelekea siku ile ile.